Siku Ishirini Bila Kugusa Kitufe

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumeanza rasmi, kama kuanza ni kukata utepe mbele ya gereji ambayo mpaka wiki iliyopita ilikuwa ghala la viti vibovu. Profesa ametoa hotuba fupi, jambo ambalo si kawaida yake. Amesema chuo chetu sasa kina programu yake ya kupima magari yanayojiendesha, na kwamba miaka sita ya kuandika barua haikupotea bure. Gari lenyewe ni moja, basi dogo jeupe la watu wanane, halina usukani, na mwendo wake ni wa mtu anayekimbia kwa kujilazimisha. Wanafunzi wamelibatiza Kobe kabla hotuba haijaisha.

Mimi ni msimamizi wa usalama. Profesa aliponiajiri aliniambia, "Kazi yako ni kusema hapana mpaka uishiwe na sababu." Mume wangu aliposikia hayo alisema chuo kimepata mtu mwenye uzoefu wa nyumbani.

Masharti ya wizara ni mepesi kuyasema. Kobe anazunguka kilomita moja na nusu: lango kuu, maktaba, kantini, zahanati, halafu anarudi. Kiti cha mbele anakaa mtu mmoja mwenye kitufe chekundu. Gari likikosea anabonyeza, linasimama, na kompyuta inaandika. Zikipita siku ishirini za kazi mfululizo bila kitufe kuguswa, nami nikatia saini, kiti kile kinang'olewa. Kobe atatembea peke yake kati ya watu, mbele ya wageni wa wizara. Profesa ameshachagua tarehe: 6 Mei.

Ripoti zangu zitakwenda kwa wakubwa. Daftari hili ni la yale yasiyoingia kwenye ripoti.

Jumanne, 5 Machi

Mtu wa kiti amepatikana, naye ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Ameendesha mabasi ya mjini miaka ishirini na miwili, kampuni ikafungwa, na tangu hapo ana mwaka mzima nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Wakati wa usaili nilitoka chumbani ili nisije kuambiwa nimempendelea. Walimpa kazi wenyewe.

"Shemeji," ameniambia akiwa na mkataba mkononi, "nimesoma mpaka mwisho. Nimeajiriwa nikae na nisifanye kitu. Hapa mngemchukua mdogo wangu, ndiye fundi wa kukaa."

Kanuni za kiti nimeziandika mimi, kurasa mbili. Ya kwanza: mikono mapajani, kidole karibu na kitufe. Wa akiba, kwa siku ambazo shemeji hayupo, ni mama mmoja aliyeendesha ambulensi miaka kumi na mitano. Wote wanamwita Mama Ambulensi na yeye anaitika.

Ijumaa, 8 Machi

Kitufe mara tisa. Kobe ameogopa kivuli cha bendera.

Jumatatu, 11 Machi

Mara saba.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza, na kitufe mara nne tu. Gereji inavuja pale pale kwenye meza yangu. Nimehamisha meza, na tone nalo limehama.

Jumatatu, 18 Machi

Mara moja. Profesa sasa anamngoja shemeji mlangoni kila jioni, anamuuliza neno moja: "Safi?" Leo shemeji alijibu, "Safi, Profesa, isipokuwa mbwa mmoja." Profesa aliiondoa miwani akaifuta kwa tai yake, na nikaona macho yake mekundu. Miaka sita si mchezo. Kwenye vikao walikuwa wanamcheka waziwazi, nilikuwepo.

Jumatatu, 25 Machi

Siku safi ya kwanza. Tumeanza kuhesabu.

Ijumaa, 29 Machi

Siku ya tano, safi. Mvua haijui kupumzika. Mhudumu wa kantini ndiye anayetuletea chai gereji saa nne, akisukuma kitoroli kilichofunikwa nailoni na mwavuli ameubana kwa shingo. Anavuka pale kivukoni kati ya maktaba na kantini, penye watu wengi kuliko mahali pengine pote kwenye njia yetu. Nilimuuliza kama anamwogopa Kobe. "Nimwogope nini," akasema, "mwenyewe ana adabu kuliko madereva wenu."

Ijumaa, 5 Aprili

Siku ya kumi. Nimeanza kuamini. Naandika hivyo kwa tahadhari, kama mtu anayeonja chumvi.

Shemeji amekuja nyumbani kula na ametuchekesha mpaka wanangu wakapaliwa. Amenyoa na ameninginiza kitambulisho cha chuo shingoni, hata mezani hakukivua. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza nitazame. Nimetazama, nami nikamkanyaga pia.

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya kumi na mbili, safi. Ngoja niandike taratibu.

Asubuhi mwanafunzi mmoja alikuja kulalamika kwamba begi lake limepotea ndani ya Kobe. Ndani tuna kamera inayotazama abiria na kiti cha mbele. Picha zake hatuziangalii kamwe siku ambayo kitufe hakikuguswa. Hiyo nayo ni kanuni yangu: siku safi haina cha kutazamwa. Nikafungua picha za jana ili nimtafute mwizi. Hakukuwa na mwizi. Mhadhiri mmoja mzee alilibeba begi akidhani ni lake.

Nilichokiona ni mkono wa shemeji.

Kobe anakaribia kivuko. Shemeji anainua kiganja usawa wa uso, kimya, bila haraka: ngojeni. Gari linapita. Mzunguko unaofuata gari limesimama kushusha abiria karibu na kivuko, na vidole viwili vinapunga: haya, piteni. Kisha mkono unarudi pajani, mahali ambapo kanuni inautaka. Nikarudisha picha nyuma, nikafungua kamera ya nje kwa dakika ile ile. Watu kivukoni hawalitazami gari. Wanakitazama kioo. Wanamtazama yeye. Akiinua kiganja wanasimama, Kobe anapita, na kompyuta inaandika kwamba hakuna tatizo.

Nimehesabu mara sitini na tatu kwa siku moja. Nimefungua za Ijumaa: hamsini na nane. Nimefungua za zamani kabisa zilizobaki, za 27 Machi: ishirini na sita. Inaongezeka kadiri mvua inavyoongezeka.

Kwa siku kumi na mbili hatujalipima gari hata kidogo. Tumempima shemeji, na shemeji amefaulu.

Na tarehe sita mwezi ujao kiti kile kitakuwa kitupu.

Jumatano, 10 Aprili

Siku ya kumi na tatu. Nimemvuta shemeji nyuma ya gereji, chini ya bati, mvua ikipiga juu hatusikiki.

"Shemeji, unawapungia watu mkono."

"Ndiyo. Ulitaka niwanunie?"

"Kanuni inasema mikono mapajani."

"Si iko mapajani? Inatoka mara moja moja kusalimia."

Nilicheka, nakiri. Nilijua ni mazoea ya miaka ishirini na miwili. Dereva akiona mtu anataka kuvuka, mkono unajiinua wenyewe. Nikamwambia basi kesho ajizuie, tuone gari litafanya nini. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Usinifanyie hivyo," akasema.

"Kwa nini?"

"Wenye miavuli haliwaoni. Linawaona wakishafika puani. Mtu mkavu linamwona vizuri sana, sina neno. Aliyejifunika, hapana."

"Umejua lini?"

"Mvua ilipoanza."

"Na hukubonyeza."

"Nikibonyeza mnarudi kwenye moja. Shemeji, kila jioni yule mzee ananiuliza safi, nikimwambia safi anafurahi kama mtoto. Mimi nimekaa mwaka mzima hakuna aliyeniuliza siku yangu imekwendaje. Hata mdogo wangu hakuniuliza."

Nikamwambia jambo hili lazima lifike kwa Profesa. Akasema anajua. Akaomba nimpe mpaka Ijumaa, ajizoeze kuliambia kichwa chake kwamba kazi imekwisha. Nikakubali. Nilijiambia akiwa kitini mwenyewe hakuna atakayeumia, kwa hiyo siku mbili si kitu.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya kumi na nne, safi. Mvua. Sijasema.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku ya kumi na tano. Nilikwenda ofisini kwa Profesa nikiwa nimepiga moyo konde. Nikamkuta amezitandaza mezani barua zote za miaka sita, zile za kukataliwa, anazipanga kwa tarehe azitie kwenye fremu. Akanionyesha moja ambayo mkubwa fulani aliandika kwamba fikra hizi ni za watu wasio na kazi. "Huyu naye nimemwalika tarehe sita," akasema. Tukacheka. Nikauliza kuhusu bati linalovuja, nikatoka.

Sijasema. Na shemeji jioni hakuniuliza kama nimesema.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya kumi na sita. Nimemweleza mume wangu yote tukiwa jikoni, yeye akiosha vyombo. Aliendelea kuosha sahani moja mpaka nikaichukua mkononi mwake.

"Akitoka pale ataisha," alisema.

"Najua."

"Huwezi kulirekebisha gari kimyakimya? Lifundishwe hiyo miavuli, halafu liendelee?"

Nimelifikiria hilo kuliko anavyodhani. Kulifundisha gari ni kazi ya miezi, na kuianza lazima niseme sababu. Nikamjibu nitatafuta njia. Siitafuti njia yoyote, napiga danadana tu, na kila siku nasema kesho.

Sijasema.

Jumanne, 16 Aprili

Shemeji ana homa. Leo alikuja akamaliza zamu akiwa amejifunga sweta mpaka kidevuni, na kesho daktari amemtaka apumzike. Nimempigia simu Mama Ambulensi. Akaja jioni kujikumbusha kiti, na akazisoma kurasa zangu mbili kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayekula kiapo.

"Mikono mapajani muda wote?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Hata mtu akinisalimia?"

Hapa ningesema. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: mwenzako huwa anawapungia mkono, wamemzoea, na gari haliwaoni wenye miavuli. Lakini kumwambia yeye ni kuwaambia wote, maana ni mtu wa kunyooka, angekwenda moja kwa moja kwa Profesa. Nikamwambia, "Kuwa macho tu pale kivukoni."

"Nimekuwa macho kwenye ambulensi miaka kumi na mitano," akasema, akatabasamu.

Jumatano, 17 Aprili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kivukoni.

Nilikuwa gereji. Nilisikia vikombe kabla sijasikia watu. Nilikimbia bila mwavuli. Kobe alikuwa amesimama kwa upande, taa zake zinawaka na kuzima, na kitoroli kimelala chali na nailoni yake. Mhudumu wa kantini alikuwa amekaa barabarani, mguu wa kushoto umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Hakuwa analia. Alikuwa anaokota vipande vya vikombe na kuviweka kwenye aproni yake, na kila nilipomwambia aache alisema, "Watu watajikata."

Mama Ambulensi alishafika kwake kabla ya mtu yeyote. Aliufunga mguu kwa mbao mbili na mkanda wa begi la mwanafunzi, mikono imara kabisa, anazungumza naye kwa upole, anamuuliza majina ya wanawe. Baada ya gari la zahanati kuondoka naye ndipo alipokaa ukingoni mwa barabara.

"Nilibonyeza," aliniambia. "Nilimwona anashuka, nikabonyeza hapo hapo. Kwa nini alishuka? Alinitazama machoni kabisa, halafu akashuka."

Nikamwambia sijui.

Nimeandika maneno hayo mawili hapa ili niyaone. Nikamwambia sijui.

Alhamisi, 18 Aprili

Kobe amefungiwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwenda hospitali. Wamemtia vyuma mguuni. Atakaa miezi kadhaa kabla ya kuukanyagia, na daktari hakuniahidi kwamba utarudi kama ulivyokuwa. Alifurahi kuniona, akaomba radhi kwa ajili ya chai.

Nilimuuliza alichokiona. Alieleza kwa subira, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Siku zote yule baba akiinua mkono, nasimama. Asipoinua, najua njia ni yangu, napita. Juzi nilitazama kioo vizuri. Nikamwona mama amekaa, mikono ameiweka chini. Nikasema ahaa, leo naruhusiwa. Nikashuka."

Alikuwa anauliza kwa macho kama alikosea. Nikamwambia hakukosea. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu, kwa sababu sikutaka anione.

Huo mkono hakuufundisha mtu yeyote. Shemeji aliwazoesha watu bila kukusudia, nami niliujua siku nane nzima, halafu nikamweka kitini mtu mwingine nikamwamuru aiache mikono yake mapajani.

Jumatatu, 22 Aprili

Profesa ameniita na kunisomea rasimu ya ripoti ya kwenda wizarani. Kompyuta inaonyesha kwamba Kobe alianza kupunguza mwendo nusu sekunde kabla ya kitufe kubonyezwa. Maana yake, anasema, gari lilimwona mtu kabla mlinzi wa kiti hajamwona. Lilichelewa kidogo kwa sababu ya mvua, lakini binadamu alichelewa zaidi.

"Nisaidie kufikiri," akasema, na hakuwa ananitega, alikuwa anauliza kwa dhati. "Siku kumi na saba safi. Siku ya kumi na nane anakaa mtu mwingine, na siku hiyo hiyo mtu anavunjika mguu. Njia ni ile ile, gari lile lile, mvua ile ile. Kilichobadilika ni nini?"

Hesabu yake imenyooka. Mtu yeyote mwenye akili asiyekijua kile ninachokijua mimi angefika hapo hapo.

"Kwa hiyo hii ajali," akaendelea, "ndiyo hoja yetu kubwa. Mtu ndiye hatari. Tukiondoa kiti, tumeondoa hatari." Mama Ambulensi ataachishwa kazi na jina lake litaingia kwenye ripoti. Kikao ni Jumatatu ijayo, watu wa wizara watakuja. Wakikubali, siku ya kumi na nane inafutwa kwenye hesabu, shemeji anarudi kumalizia zilizobaki, na tarehe sita Kobe anatoka peke yake. Kinachohitajika ni saini yangu.

Akanipa kalamu. Nikasema nataka kuisoma upya nyumbani. Akasema, "Ndivyo ninavyokupenda, husaini haraka." Laiti angenitukana.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji. Homa imemtoka ila amekonda. Nilimkuta uani anaifungua redio ambayo ilikuwa inaimba vizuri tu.

Nikamwambia kilichosemwa hospitalini. Akaweka bisibisi chini.

"Mimi ndiye niliyemvunja mguu," akasema.

"Sisi wawili."

"Wewe ulikuwa unanisitiri."

"Nilikuwa najisitiri, shemeji. Nilitaka kazi iende, nilitaka wewe ucheke mezani kwangu, nilitaka Profesa apate siku yake. Yote nilitaka kwa pamoja, nikamtumbukiza mtu."

Nikamweleza kuhusu Mama Ambulensi na tarehe sita. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza picha za kamera ya ndani ziko wapi. Nikamjibu zinafutika zenyewe baada ya siku kumi na nne. Leo ni siku ya kumi na nne tangu nizitazame, na mimi, msimamizi wa usalama, sikuhifadhi hata moja. Nazo zilizobaki zinapungua kila siku, kikao kikiwa bado.

Niliporudi mbio ofisini, zilizobaki za shemeji zilikuwa za siku tano tu. Nimezihifadhi. Zinaonyesha mkono. Hazionyeshi ni nani aliyejua, wala tangu lini. Profesa akiziona hizo tu atasema ni mazoea ya dereva mzee, nukta, na bado Mama Ambulensi ataambiwa alichelewa. Atauliza kama kuna mtu aliyepewa onyo. Jibu la hilo liko sehemu moja tu, nalo ni humu, kwa tarehe, kwa mwandiko wangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Mume wangu amelisoma daftari. Nilimpa mwenyewe. Alisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa tarehe kumi mara mbili, pale kaka yake anaposema hakuna aliyemuuliza siku yake imekwendaje.

"Hii si ya kupeleka mbele za watu," alisema.

"Ndiyo ushahidi wenyewe."

"Toa kurasa zake. Acha zako kama unataka kujiua, lakini za kaka yangu zitoe. Ni kurasa tatu. Nani atajua?"

Alikwenda kukaa na watoto, akawasaidia hesabu zao kwa sauti ya kawaida kabisa, na hajanisemesha tena tangu hapo. Simlaumu. Nimezishika zile kurasa na kuzipima kwa vidole. Karatasi ni nyepesi, zingetoka bila hata kelele. Nikiziondoa, kinachobaki ni kwamba mimi nilijua tarehe tisa, na hiyo inatosha kuniachisha kazi. Lakini haitoshi kusema gari haliwaoni wenye miavuli. Aliyelijua hilo kwa macho yake, mvua hadi mvua, ni shemeji peke yake.

Jumamosi, 27 Aprili

Shemeji amekuja asubuhi, hakuingia ndani. Aliniomba nimsomee maneno yake. Nikamsomea pale mlangoni. Alirekebisha mahali pamoja tu: akasema Profesa hafurahi kama mtoto, anafurahi kama mtu mzima aliyesubiri, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nikamwambia siwezi kubadilisha nilichoandika siku ile, nitayaongeza leo. Nimeyaongeza.

"Utakuja Jumatatu?" nilimuuliza.

"Sijui kama miguu itakubali," akasema. Kisha akaona alichosema, akafunika mdomo, akaondoka.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha kikao. Imebaki kama robo saa. Mvua imepungua kuwa manyunyu. Ndani wanapanga viti. Namsikia Profesa akimwelekeza mtu mahali pa kuweka maji ya wageni.

Shemeji hajafika. Mume wangu alinipigia pasi nguo asubuhi na akaniwekea mezani bila kusema neno. Sijui hiyo ni amani au ni nini.

Ripoti iko kwenye mkoba wangu, haina saini. Picha za siku tano ninazo. Kurasa zote zipo, nimezihesabu mara mbili kama mtu asiyejiamini.

Mama Ambulensi amekuja peke yake, amevaa sketi ya kazi ya zamani, ile ya ambulensi, ameipiga pasi mpaka inasimama. Amekaa karibu nami. Ameniambia juzi alikwenda hospitali kumwona mgonjwa, wakalia wote wawili, na kwamba tangu siku ile akifumba macho anaiona mikono yake ikiwa mapajani. Anajiuliza kama angekuwa mwepesi zaidi. Anasema leo atakubali kosa tu, asiwapotezee watu muda.

Halafu akanishika mkono. "Asante kwa kuja kukaa nami," alisema. "Wengine wote wamenikwepa. Wewe ni mtu mwema."

Nimeuacha mkono wangu ndani ya wake kwa muda, maana hatautaka tena baadaye. Sasa nimeutoa ili niandike haya. Kabla ya Profesa na kabla ya watu wa wizara, yeye ndiye wa kwanza mwenye haki ya kusoma. Nikimaliza mstari huu nitafungua ukurasa wa tarehe kumi na sita, nimwekee magotini.